Mwaka Kompyuta Ilipomwoza Shangazi Yangu

Kijana aliyetumwa na ofisi ya kata alikuja mchana, siku ya pili ya matanga, wanawake bado tumekaa majamvini na masufuria ya wali hayajaoshwa. Alivua viatu, akatupa pole, akangoja fatiha iishe, ndipo akanisogelea mimi kwa sababu aliambiwa mimi ndiye ninayeshughulika na mambo ya marehemu. Mkononi alishika kishikwambi chenye gamba la bluu. Alitaka kuandikisha kifo cha shangazi yangu, Mwanahawa binti Mbonde, na papo hapo kuliandikisha shamba lake la mpunga kule deltani kwa warithi. Jina tukaandika. Mwaka wa kuzaliwa tukakisia. Alipofika kwenye namba ya nyumba nikamwambia hana. Marehemu aliishi dunguni, kile kibanda chetu cha juu ya nguzo katikati ya mpunga, cha kulindia ndege na nguruwe, na dungu hakuna serikali iliyowahi kulipiga chapa ya namba. Kijana akajaribu kupaacha wazi, kishikwambi kikagoma. Akajaribu tena, kikagoma tena. Akanitazama kwa tabasamu la mtu anayetaka kusaidia. "Basi mama, tuweke hata ya jirani yeyote. Ili mfumo usonge mbele tu."

Mama mmoja aliyekuwa karibu akanishika bega akaniambia nivumilie, kazi ya Mungu haina makosa. Kazi ya Mungu sikuwa na ugomvi nayo. Nilikuwa nimesikia maneno kama ya kijana yule, kwa sauti nyingine, nilipokuwa binti wa kidato cha nne, na nilidhani waliokuwa wakiyasema wameshastaafu.

Nani alinizaa na nani alinilea si habari ya hapa. Mwaka ule nilikuwa nimemaliza mtihani nasubiri matokeo, na nilikuwa binti wa kuongea na daftari. Mbele ya watu ulimi ulikuwa unakauka. Nikiitwa nitoe salamu kwa wageni, nilikuwa naangalia vidole vya miguu. Yote niliyotaka kusema niliyaandika kwenye daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma yake, nikalificha chini ya godoro, na hatimaye mchwa wakalila. Kibiti ya wakati huo soko huria lilikuwa limeshaingia. Chama cha ushirika kilikuwa kimekufa, wanunuzi wa korosho walikuwa wanapita vijijini na mizani zao wenyewe, kila mmoja anamlaani mwenzake, na ghala la chama lililobaki tupu lilikodishwa kwa mradi mmoja uliokuja kupima mashamba ya deltani. Mradi ule uliahidi kila kaya kadi ya shamba. Mwenye kadi ataachiwa shamba lake. Ardhi isiyo na kadi itahesabiwa kuwa ya ziada, na ya ziada atapewa mwekezaji achimbe mabwawa ya kufugia kamba. Walitaka mtu wa kuingiza taarifa kwenye kompyuta, mwenye mwandiko mzuri na asiyeongea sana. Nilipata kazi kwa sifa ya pili.

Ghala lile nalikumbuka kwa pua. Miaka yote ya magunia ilikuwa imeingia kwenye kuta, na jua likipiga bati, mafuta ya maganda ya korosho yalitoka jasho kwenye plasta. Walilikata kwa hadibodi wakapata vyumba: cha Meneja, chenye zulia, cha kompyuta, chenye pangaboi, na ukumbi wa kusubiria wenye mabenchi ya chama. Kuingia chumba cha kompyuta ilibidi uvue viatu kwa ajili ya vumbi. Kompyuta mbili zilifunikwa vitambaa vya kufuma vya rangi ya waridi, kama redio za watu wazima, na hakuna aliyezigusa kabla jenereta halijatulia kunguruma. Hadibodi haikufika darini. Meneja akipiga chafya, sisi tuliitikia yarhamukallah.

Mwenye programu alikuwa Festo, kijana wa Mwanza, mrefu, mwembamba, aliyesomea mambo hayo chuoni Dar na akajikuta kwetu. Aliniita Dada Zai, kwa Zaituni, ingawa alinizidi umri. Tulikula pamoja kwa Mama Salma, mama lishe aliyekuwa na kibanda nyuma ya ghala, na mimi nililala kwake chumba cha uani. Festo alikuwa anateseka na nazi. Wali wa nazi, maharage ya nazi, mihogo ya nazi, kambare wa nazi. "Mama Salma," alikuwa analalamika, "hivi maji hapa Kibiti mnayatia nazi pia?" Na Mama Salma, bila kugeuka kutoka jikoni: "Kula, baba. Huko kwenu mnakula samaki kachemshwa kama nguo."

Kibanda kile kilikuwa na ukuta wa makuti uliotenga jiko na meza, na katikati ya ukuta kidirisha. Walaji hawakuingia jikoni, na Mama Salma hakutoka. Festo alinifundisha kazi yake kwa kidirisha hicho. Programu, alisema, ameiandika kwa lugha iitwayo C, herufi moja tu, na C ni hodari wa kuhesabu na kuchapa, lakini haijui watu wa deltani ni akina nani. Anayewajua ni hifadhidata, ambayo ina lugha yake, ya maswali tu: nipe wote wa kijiji hiki, kwa mpangilio wa majina. Lugha hizi mbili hazisikilizani. Kwa hiyo lile swali unalipachika katikati ya programu, na panapotakiwa kitu kupita kutoka huku kwenda kule unaweka chombo, na mbele ya jina la chombo unatia nukta mbili, ili hifadhidata ijue kuwa hicho si chake, ni bakuli la mlaji limepitishwa kidirishani. Bakuli moja linakwenda na jina la kijiji. Mabakuli mengine yanarudi na mtu mmoja: hili lina jina lake, hili lina shamba lake, hili lina namba ya nyumba. Programu inachapa, inarudisha mabakuli yale yale, inaletewa mtu wa pili. "Yale yale?" niliuliza. "Yale yale," alisema Festo, akachovya kidole kwenye mchuzi. "Hatuna mengine."

Sasa lazima nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi kwa sababu kila mtu analijua. Watu wetu wana makao mawili. Nyumba iko juu, kwenye kijiji kilichopangwa na serikali, na ina namba iliyopakwa rangi mlangoni. Shamba liko chini, kwenye bonde, na mpunga ukianza kutoa suke watu wanateremka wanaishi madunguni hadi mavuno. Lakini kuna wasiorudi tena juu. Mwanamke akiachika, nyumba ya juu inabaki ya mume. Mjane, ndugu wa marehemu wanamwangalia kwa jicho la mlango. Basi anateremka na chungu chake na mkeka, anabaki dunguni mwaka mzima, na hakuna anayemwona kama mtu asiye na kwao. Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Dungu lake lilikuwa na ngazi ya fito za mikandaa, na sakafu ya mabanzi aliyoifagia mpaka inang'aa. Ukilala pale unasikia maji yakijaa na kupungua chini ya mgongo wako. Wapimaji wa mradi walipomfikia kwa mtumbwi, walimwandika jina, wakampima shamba, na kwenye namba ya nyumba wakaacha wazi. Waliandika ukweli. Mimi nami nikauingiza vile vile ulivyo, wazi.

Siku ya kwanza programu ilipoendeshwa kwa watu wa kijiji chake, nilikuwa nimekaa mbele ya kioo. Majina yalikuwa yanapita vizuri: Mohamedi, Mtoro, Musa. Baada ya Musa Mkumba ikasimama. Ikaandika mstari wa Kiingereza wenye namba. Festo akausoma akapumua kwa pua. Akaniambia hifadhidata imefika kwa mtu ambaye namba yake ya nyumba haipo, na inasema haina jinsi ya kukabidhi kitu kisichokuwepo, kwa hiyo imekataa. Nilisogea kutazama. Jina lililofuata baada ya Musa lilikuwa Mwanahawa Mbonde. Nakumbuka nilivyojisikia, na daftari lilikuwa na ukurasa mzima juu yake: nilifurahi. Mashine ile, iliyotoka nchi gani sijui, ilimfikia shangazi yangu ikasimama kama mtu mwenye adabu anayeuliza, jamani, huyu mbona mmemwacha hivi?

Yaliyofuata niliyasikia juu ya hadibodi.

"Inakwamia wapi, Festo? Wageni wanakuja."

"Inakwama kwa wasio na namba ya nyumba, mzee. Inataka kila bakuli, yaani kila chombo, kiwe na kingine kidogo pembeni cha kuashiria kama kuna kitu au hakuna. Sikuviweka."

"Viweke."

"Ni programu nzima, mzee. Kila mahali tunapopokea kitu. Nahitaji siku kadhaa."

"Huna siku kadhaa. Njia nyingine?"

Nikasikia Festo akifunua kitabu.

"Kuna swichi. Ukiiwasha wakati wa kuitafsiri programu kwa lugha ya mashine, haitalalamika tena. Lakini kitabu chenyewe kinasema si salama."

"Kinasema, kinasema! Bosi hapa ni mimi au kitabu? Washa."

Akawasha. Jioni ile programu ilipita kutoka Abdala mpaka Zuberi bila kukohoa, na Meneja akatuagizia soda.

Kadi zikachapwa, likatangazwa baraza katika kijiji cha shangazi, la kusoma majina kabla ya kuzigawa. Nami nilipelekwa kushika makaratasi. Watu walikuwa wengi, wameacha ndege wale mpunga kwa siku hiyo. Meneja alisoma mwenyewe kwa kipaza sauti, kaya kwa kaya, na kila mtu alikuwa anaitikia kama darasani. Halafu akafika kaya namba mia na nne. "Mkuu wa kaya, Musa Mkumba." Mzee Musa, mpole, fundi wa mitumbwi, akanyoosha mkono. "Wategemezi: Mwanahawa Mbonde." Watu wakageuka. "Mwanaidi Ngwele. Mwanajuma Kisoma. Mwanakombo Ali. Mwantumu Mbwana." Na mwisho kabisa: "Somoe Salumu," ambaye ndiye mke wake wa miaka yote.

Kisha mtani mmoja kutoka nyuma: "Mzee Musa! Mahari umelipa lini, na sisi hatujala pilau?" Baraza likapasuka. "Dini imesema wanne, huyu kapewa mgao wa ziada!" "Ndiyo soko huria lenyewe hilo!" "Bi Somoe, pole, umekuwa wa sita!" Bi Somoe alisimama, akajifunga khanga kiunoni, akamtazama mumewe. "Leo utapikiwa na hao watano," akasema, akaondoka. Mzee Musa alikuwa anafuta jasho kwa kofia. "Wallahi mimi sijui kitu," akawa anasema, "wallahi sijui."

Shangazi hakucheka. Alisimama taratibu, mwanamke mfupi, mikono imepasuka kwa maji ya chumvi. "Wewe bwana," akasema, "mimi niliachwa talaka tatu, nikaapa sitakipika tena chungu cha mwanamume. Nimelima lile shamba kwa mikono hii. Nani kaniozesha nikiwa shambani?"

Meneja alitabasamu. "Mama, sisi hatumwozeshi mtu. Hivi ndivyo ilivyotoka kwenye kompyuta. Na kompyuta haikosei."

Kicheko kikaisha pale pale, kwa kuwa mtu mmoja aliuliza kadi, na Meneja akajibu: kaya moja, kadi moja, shamba moja. Ya kaya mia na nne ni shamba la Musa Mkumba. Mashamba ya wategemezi ni ya ziada.

Festo alijua kabla sijafungua mdomo. Nilipomweleza tuliporudi, aliweka kijiko chini. Majina yanakuja kwa mpangilio, alisema, na baada ya Musa wanaanza akina Mwana: Mwanahawa, Mwanaidi, Mwanajuma, Mwanakombo, Mwantumu. Nusu ya wanawake wa pwani wamepewa majina hayo, na hao watano wote walikuwa wa madunguni. Hifadhidata ilipowafikia haikutia kitu bakulini, na kwa kuwa imeshaambiwa inyamaze, ikanyamaza. Bakuli likabaki na namba ya Musa. Programu ikaichapa. Na kila kijiji kilikuwa na Musa wake. Nilimchukia Festo siku ile. Bado sijui kama nimeacha.

Shangazi hakungoja kuitwa. Alipanda mtumbwi hadi Nyamisati, akadandia lori la mkaa, akatokea ghalani na mfuko wa mchele mpya na kambare mkavu amefungwa majani ya mgomba. Mlangoni akaambiwa avue kandambili. "Kumbe msikiti?" akauliza. "Maana nimeona mnaozesha watu." Meneja alikuwa Ikwiriri. Nikampeleka kwa Mama Salma, Festo akaja nyuma yetu kama mtu anayekwenda kuchapwa.

Nitasema kwa haki yake: hakumficha kitu. Alimwomba Mama Salma bakuli, akalipitisha kidirishani, akalipokea lina maharage, akayala. Akalirudisha. "Sasa Mama Salma, umeishiwa. Lirudishe bila kutia kitu." Bakuli likarudi, mchuzi umeganda kando, na maharage mawili chini. Shangazi alilitazama kwa muda.

"Kwa hiyo wa dirishani hakuleta kitu," akasema, "nanyi hamkuosha bakuli."

"Ndiyo, shangazi."

"Mkaona makombo ya Musa mkasema ndiyo chakula changu."

"Ndiyo."

"Na dawa yake?"

Festo akachukua kisahani cha chumvi, akakiweka kando ya bakuli. "Hiki. Kila bakuli likienda, hiki kinakwenda nalo. Kikirudi kina hasi moja, maana yake leo hamna, usitazame bakulini."

"Hasi moja ndiyo mimi?"

"Hapana, shangazi. Hasi moja inasema: huyu hana namba ya nyumba, msimtafutie."

"Na kisahani hicho kinajulikana? Hukukibuni leo?"

"Kinajulikana."

"Kinauzwa ghali?"

"Hakiuzwi. Ni kuandika tu."

Shangazi alicheka, kicheko kikavu ambacho sikuwahi kukisikia kwake. "Basi kiandike," akasema. Akamgeukia Mama Salma kupitia dirisha. "Mwenzangu, nipe maji ya kunywa. Katika kikombe kilichooshwa."

Festo akakiandika. Alikaa mbele ya kompyuta mpaka macho yakawa mekundu, akapitia kila mahali programu inapopokea kitu, akazima na ile swichi. Nilikuwa nimekaa naye siku programu ilipoendeshwa tena. Musa Mkumba, mia na nne. Mwanahawa Mbonde, na panapoandikwa namba, kistari kifupi. Shamba lake, ekari zake, jina lake peke yake. Nilitaka kumkumbatia mtu na hapakuwa na wa kumkumbatia. Festo akaichapa, akaipeleka kwa Meneja, nami nikabaki chini ya hadibodi.

"Kadi zimeshachapwa," Meneja akasema.

"Zichapwe upya, mzee. Zile ni makosa."

"Makosa ya nani? Ripoti imeshakwenda imeandikwa kaya ngapi, ardhi ya ziada kiasi gani. Unataka niwaambie wageni kwamba ardhi ya ziada haipo? Na hizi nafasi wazi ndiyo nini? Mtu akiona kistari atasema hatukufanya kazi." Kisha kwa sauti ya chini, kama mtu anayemshauri mdogo wake: "Na wewe Festo, kwani kuna ubaya gani mwanamke kuwa chini ya mtu?"

Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa, na imeishi nami kuliko watu wengi. Huwa naambiwa sisi watu wa Rufiji ni wapole, kwamba ni mambo ya zamani, kwamba yule bwana hakukusudia. Nakubali siku ya kwanza hakukusudia. Hakujua shangazi yangu ni nani wala dungu ni nini. Lakini siku ile alishajua. Aliletewa karatasi iliyo sahihi, akaiona haina nafasi kwenye mambo yake. Mtu anayekosa kwa kutojua nitampa maji anywe. Huyu mwingine simwezi.

Akaitisha baraza la pili kugawa kadi. Safari hii hapakuwa na utani. Wale wanawake watano walikaa pamoja mbele, na Shangazi katikati yao. Meneja akaanza kwa upole. Akasema ameyasikia manung'uniko, lakini watu wajue kompyuta haina ndugu, haina kabila, haihongwi, inasema ilichokiona. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na makaratasi kifuani, binti wa kuangalia vidole vya miguu. Nilivitazama. Nikaona kandambili za shangazi, zimefungwa kwa waya.

"Haikusema hivyo," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo. Meneja hakugeuka. Mtu mmoja akadakia, "Sema, mwali! Paza!"

"Kompyuta haikusema hivyo," nikasema, na sasa nilikuwa nalia, lakini maneno yalikuwa yanatoka. "Nilikuwa nimekaa mbele yake. Ilifika kwenye jina la shangazi ikasimama. Ikakataa. Ilisema huyu namba yake haipo, sina cha kuwapa. Wao ndio walioiambia inyamaze. Ikanyamazishwa, ndiyo ikasema Musa."

Meneja alisema mtoto huyu hajui anachosema, ni wa kuchapa tu. Ndipo Mzee Musa aliposimama. Akaivua kofia. "Mimi nina mke mmoja," akasema, "na tangu baraza lile hajanipikia. Kama kadi yangu inakuja na mashamba ya watoto wa watu nyuma yake, ibaki huko huko." Akaketi. Na baada yake mwingine, mwenye wategemezi watatu asiowajua, akasema na yake ibaki.

Ningependa kuandika kwamba tulishinda. Wanangu wakinisikiliza nikisimulia, huwa wanataka niishie hapo kwa Mzee Musa. Lakini nilifukuzwa kazi jioni ile ile, na Festo akarudishwa Dar. Asubuhi ya kuondoka alikula wali wa nazi mpaka akakwangua sahani, bila neno, na Mama Salma akamwongeza bila kuombwa. Aliyeletwa badala yake aliambiwa atafute suluhisho, akalipata: kila asiye na namba akapewa sifuri. Wanawake wetu wakaacha kuwa wake za Musa, wakawa kaya moja, nyumba sifuri, wote, watano wa baada ya Musa na wengine walioandikwa baadaye. Kaya moja, kadi moja, shamba moja. Kadi ikatoka kwa jina la Amina, mmoja wa hao wa baadaye, mjane ambaye jina lake lilitangulia kwa herufi, naye akawaita wenzake wakaligawana shamba lake matuta matuta, kwa kuwa Amina alikuwa mtu. Mengine yote akapewa mwekezaji. Alichimba, akakata kingo, maji ya chumvi yakaingia mpaka palipokuwa na mpunga mzuri kuliko wote, na kamba wake wakafa, akaondoka na pampu zake. Shangazi hakuhama. Alikaa kwenye dungu lake kando ya lile shimo, akasubiri mvua zioshe chumvi, mwaka baada ya mwaka, akaanza tena kupanda kuanzia ukingoni. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyempa karatasi. Amefia pale pale.

Mimi nina duka la vifaa vya ofisi hapa Kibiti, nachapa na kutoa kopi, najazia watu fomu za mtandaoni. Kila siku naiona ile nyota nyekundu inayosema hapa ni lazima. Mtoto hana baba, nyota nyekundu. Mzee hajui siku aliyozaliwa, nyota nyekundu. Nao wananiambia kwa uchovu, tia chochote, dada. Wamefundishwa kudanganya na mashine ambazo zingeweza, kwa kuandika kidogo tu, kusikia neno hakuna. Sijawahi kutia chochote. Wengine wamenihama kwa sababu hiyo.

Kijana wa kata alikuwa bado anangoja, kidole juu ya kioo.

"Namba ya nyumba, mama?"

"Hana."

"Nimekuelewa mama, lakini mfumo hautasonga."

"Basi usisonge," nikamwambia. "Usimame hapo hapo kwenye jina lake, mpaka huko juu atokee mtu wa kuuliza umesimamia nini."

Akatafuta kwa macho mtu wa kumsaidia. Bi Mwantumu Mbwana, wa mwisho aliyebaki wa nyumba sifuri, alikuwa ameegemea nguzo na tasbihi yake. Alivuta jamvi kumpa nafasi, akamwita mjukuu alete sahani. "Kaa ule, mwanangu," akamwambia. "Mwenzio, ile kompyuta ya ghalani, alisimama hapo hapo, wakamharakisha."

Kijana akakilaza kishikwambi kifudifudi juu ya jamvi, akanawa mikono.